Kompyuta Kuukuu: Kumuuzia Fundi, Kupeleka Mzani, Kufungua Mwenyewe au Kukabidhi?

Kompyuta ya mezani ikishazeeka husukumwa kwanza chini ya meza, halafu stoo, halafu siku moja mwenye stoo anaitaka stoo yake. Hapo ndipo mabishano ya pesa yanapoanza. Mmoja anasema aitwe kijana wa skrepa apakie zote kwenye mkokoteni. Mwingine ana namba ya fundi Kariakoo. Wa tatu ametazama video za Wamarekani wanaotoa dhahabu kwenye bodi za saketi, sasa anauliza tindikali inauzwa wapi. Njia nyingine, ya kuzikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali, haitajwi sana kwa sababu wengi wanadhani ni ya mabenki na mashirika tu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Pesa ya kompyuta kuukuu iko kwenye kile kinachowaka. Ikishakufa kabisa, pesa iko kwenye kutenga: chuma peke yake, alminiamu peke yake, shaba peke yake, bodi peke yake. Dhahabu imo kweli, ila si ya mtu wa mtaani, na hesabu yake iko mbele.

Kabla ya bisibisi: ni za lini, na ziko ngapi?

Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa mashine za Intel, kwa jumla inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Matokeo yake ofisi zinamwaga mashine za prosesa ya i5 za kizazi cha nne, cha tano na cha sita ambazo hazina ugonjwa wowote. Kuipasua mashine ya namna hiyo ili uuze kilo ni kumchinja ng'ombe anayekamuliwa. Iwekee Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, ifute vumbi, muuzie mwenye stationery, mwanafunzi wa chuo au mwenye duka anayetaka mashine ya kuandikia stoku. Hata ukiitoa kwa bei ya kutupa, hutapata pesa hiyo kwenye mzani wa skrepa.

Mashine za Pentium 4 na nyingi za Core 2 Duo ni hadithi nyingine. Hizo zimekwisha safari, na hapa ndipo kuchagua kunapoanza kuwa na maana.

Idadi nayo ina uzito wake. Mwenye mashine moja hadi tano asijisumbue kufungua kwa ajili ya kilo. Nauli ya bodaboda kwenda kwa mnunuzi wa bodi itakula faida. Kuanzia ishirini hivi, kufungua kunaanza kulipa siku ya kazi. Zikifika mia na ni mali ya kampuni au taasisi, tatizo kubwa si bei tena. Ni taarifa zilizomo kwenye hadidiski, na karatasi utakayomwonyesha mkaguzi.

Fundi

Fundi analipa kwa mashine, halipi kwa kilo, na anachotafuta ni spea. RAM, yaani vipande vya kumbukumbu, za aina ya DDR3 na DDR4 bado zina soko. Za zamani zaidi, DDR2, karibu hazina. SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka, ya ukubwa wowote ina mteja. Pawasaplai (kisanduku cha umeme cha kompyuta) inayofanya kazi, prosesa ya i5 au i7, chaja halisi ya laptopu, vyote hivyo vinatoka.

Kwa laptopu, fundi karibu kila mara anamshinda mtu wa mzani. Laptopu nyingi hazifiki kilo tatu, kwa hiyo kwa uzito ni kama hakuna kitu. Lakini kioo kisicho na ufa, kibodi, bawaba na feni yake ni vitu ambavyo watu wanavitafuta kwa jina na namba ya modeli. Laptopu iliyokufa mazabodi (bodi yake kuu) lakini ina kioo kizima usiipeleke skrepa.

Ubaya wa fundi ni kuchagua. Anachomoa RAM na hadidiski, anakuachia makasha matupu, na yule wa skrepa akija anakuta mashine zimeshakonda. Mpangie bei ya vyote kwa pamoja, au uza spea mwenyewe na mabaki uyahesabie mzani. Usimwache achague kwanza ndipo mzungumze bei.

Mzani, mashine nzima

Hii ni njia ya haraka. Mkokoteni unakuja, zinapimwa, unalipwa taslimu, stoo inabaki nyeupe. Unalipwa bei ya chuma chakavu kwa kila kilo, hata kwa kilo ambazo ni alminiamu na shaba. Mnunuzi anajua hilo vizuri, na vijana wake wataifungua mashine yako jioni hiyohiyo. Chuma kitakwenda kiwandani kuyeyushwa kuwa nondo, na vingine vitapanda daraja kuelekea kwa wanunuzi wakubwa.

Sina ugomvi na anayechagua hivi kwa sababu hana muda. Nina ugomvi na anayechagua hivi na hadidiski zikiwa bado zimo ndani.

Kufungua na kutenga

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapofaidi au wanapoumia.

Chukua kompyuta ya mezani ya kawaida yenye kilo tisa. Ukiifungua, mgawanyo wake huwa karibu na huu:

| Sehemu | Kilo | Ikiwa nzima | Ikiwa imekufa |
|---|---|---|---|
| Kasha | 5.0 | haina soko kubwa | chuma |
| Pawasaplai | 1.3 | fundi | chuma, waya, bodi ya daraja la chini |
| Mazabodi | 0.7 | fundi, kama ni ya karibuni | bodi ya daraja la kati au la juu |
| Kisomaji cha CD | 0.7 | karibu hakuna | chuma na bodi ndogo |
| Hadidiski | 0.6 | fundi, baada ya kufutwa | alminiamu, bodi, sumaku |
| Kipozeo cha prosesa na feni | 0.4 | fundi | alminiamu, mara nyingine na kitovu cha shaba |
| Waya na kebo | 0.3 | fundi | shaba baada ya kumenywa |

RAM na prosesa sijaviweka. Ni gramu tu kwa uzito, na soko lake ni la kipande kimoja kimoja.

Sasa tufanye hesabu bila kutaja shilingi, kwa sababu bei ya leo si ya Ijumaa. Bei ya kilo moja ya chuma iite moja. Tuseme alminiamu safi inalipwa mara nne ya chuma, shaba iliyomenywa mara kumi na mbili, na mazabodi mara nane. Mashine nzima kwenye mzani inakupa tisa. Ukiifungua, chuma cha kasha na cha kisomaji cha CD kinakupa tano na nusu, ganda la pawasaplai sehemu sita ya kumi, alminiamu ya kipozeo na ya hadidiski karibu tatu, shaba ya waya moja na nusu, mazabodi tano na nusu. Jumla ni kumi na sita na kitu. Weka bei za mzani wako mahali pake. Uwiano utasogea, lakini mara nyingi utajikuta karibu na mara mbili ya ulichopewa kwa mashine nzima.

Mara mbili inasikika vizuri. Ila gawa kwa muda. Aliyezoea anamaliza mashine moja kwa robo saa hadi dakika ishirini. Anayeanza anaweza kukaa saa nzima akihangaika na skrubu za nyota za hadidiski. Ndiyo maana nimesema ishirini kwenda juu. Na ndiyo maana kijana asiye na kibarua siku hiyo anapata faida pale ambapo mhasibu mwenye mshahara anapata hasara.

Mpangilio wa kazi ni huu. Chomoa umeme na usubiri. Toa RAM, kadi, hadidiski na betri ndogo ya mazabodi. Pima vinavyofanya kazi kabla ya kubomoa chochote, kwa sababu RAM moja ya gigabaiti nane ikiwaka inaweza kukulipa kuliko kasha lote. Halafu ndipo utoe mazabodi, pawasaplai na waya.

Pawasaplai iheshimu. Kapasita zake kubwa za upande wa umeme wa ukutani hubeba zaidi ya volti 300 na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Asiyejua kuzipima aiuze bila kuifungua. Kitakachopungua kwenye bei ni kidogo.

Bodi usizivunjevunje. Kuna wanaokata zile ncha za dhahabu za RAM na kadi wakidhani wanaongeza thamani. Mnunuzi wa bodi anaangalia ukamilifu: bodi iliyong'olewa chipu au kukatwa ncha inashushwa daraja, na ncha zenyewe hazifiki gramu za kuuzia mtu. Kinachotakiwa kutoka kwenye mazabodi ni kipozeo, prosesa, RAM na betri tu. Tenga pia bodi kwa daraja. Za seva na za mitambo ya simu ziko juu, mazabodi za kompyuta zinafuata, bodi za kahawia za pawasaplai, za monita na za televisheni ziko chini kabisa. Ukizichanganya kwenye gunia moja utalipwa bei ya zile za kahawia.

Waya menya kwa kisu au kwa mashine ya kumenyea. Kuchoma ni haraka, najua, na moshi ule mweusi pembeni mwa majalala umeshakuwa sehemu ya mandhari. Lakini ganda la waya ni plastiki ya PVC yenye klorini, na ikiungua pamoja na shaba inazaa dioksini, sumu inayokaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya kuku wanaochakura hapo. Halafu kuna hoja ya pesa tupu: shaba iliyoungua ni nyeusi, na mnunuzi anailipa chini ya shaba inayong'aa. Unapata maradhi na bei inashuka.

Monita za kichogo ziache kabisa. Kinachowavuta watu ni koili ya shaba iliyoko shingoni mwa kioo. Ndani ya kioo hakuna hewa, kwa hiyo kikipasuka kinafyatuka. Nyuma kina madini ya risasi, na saketi yake hubeba maelfu ya volti. Ukishatoa hiyo shaba kidogo unabaki na kilo kadhaa za kioo chenye sumu ambacho hakina mnunuzi. Monita bapa za zamani nazo zina taa nyembamba zenye zebaki. Zilizokuja na taa za LED hazina.

Betri za laptopu zitoe zikiwa nzima na usizirundike juani. Mafundi wa power bank na taa za sola huzipima seli moja moja na kutumia zilizo hai, na ni kazi nzuri kwa anayeijua. Iliyovimba isitobolewe wala kubanwa. Iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na nyumba, mpaka apatikane wa kuichukua.

Dhahabu

Tani moja ya bodi nzuri za saketi za kompyuta hutajwa kuwa na dhahabu takriban gramu 200. Ni nyingi kuliko mawe ya migodi mingi, ambayo huwa na gramu chache kwa tani, na ndiyo sababu video hazikomi. Japani ilipotengeneza medali za Olimpiki ya Tokyo kutokana na vifaa vilivyotupwa, ilikusanya karibu tani 79,000 za vifaa pamoja na simu zaidi ya milioni sita, ikapata dhahabu kilo 32 hivi. Hesabu hiyo inakutosha kuona ukubwa wa rundo linalohitajika.

Rudi kwenye mazabodi yako ya gramu 700. Kwa kiwango hicho ina dhahabu gramu 0.14. Unahitaji bodi saba hivi, tena nzuri, zitoke kwa ukamilifu, ndipo uione gramu moja. Na hazitoki kwa ukamilifu. Uchunguzi uliofanywa Bangalore, India, ulionyesha kwamba wachemshaji wa uani walikuwa wanaambulia kama robo ya dhahabu iliyomo, huku viwanda vikubwa vya kuyeyusha vikipata asilimia 95. Sehemu kubwa ya dhahabu ni utando mwembamba kuliko elfu moja ya milimita juu ya ncha za mguso, na nyingine imo ndani ya chipu ambako tindikali haifiki bila kazi ya ziada.

Gharama yake ni tindikali ya naitriki inayotoa moshi wa kahawia unaounguza mapafu, na maji yaliyobaki yenye shaba, nikeli na risasi ambayo kwa kawaida humwagwa mtaroni. Mtu akiniuliza nichague kati ya njia nne za kwenye kichwa cha makala na hii, hii sioni hata sababu ya kuiweka kwenye orodha.

Bodi zinakotolewa dhahabu kweli ni kwenye viwanda kama cha Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, au cha Boliden huko Rönnskär, Sweden. Huko zinapelekwa kwa makontena, si kwa magunia. Na tangu 1 Januari 2025, kwa marekebisho ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka za hatari, taka zote za umeme na elektroniki zinazovuka mpaka, ziwe za hatari au zisiwe za hatari, zinahitaji ridhaa ya nchi zinakokwenda na zinakopita kabla ya meli kung'oa nanga. Karatasi hizo, muda wa kujaza kontena na nauli ya baharini ndivyo vinavyokata bei unayopewa Dar au Nairobi. Kwa hiyo ukisikia bei ya kilo ya bodi kutoka kwa mnunuzi wa Marekani, usimtukane mnunuzi wa Vingunguti, Dar, kwamba ni mwizi. Anaweza kuwa mwizi, lakini si kwa sababu hiyo.

Mkusanyaji mwenye kibali

Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndilo linalosimamia vibali. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya nguzo na mitambo ya umeme kuhujumiwa, na wenye magunia ya shaba halali wakakaa nayo kwa miezi. Nairobi kuna WEEE Centre, kituo cha taka za elektroniki, iliyotokana na mradi wa kupeleka kompyuta mashuleni. Rwanda ina kiwanda cha kushughulikia taka hizi Bugesera.

Kwa pesa, njia hii iko chini. Huenda ukalipwa kidogo, huenda usilipwe, na kwa monita za kichogo huenda ukatozwa wewe. Unachonunua ni cheti cha kuharibu taarifa na usingizi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya kwake ya 2022. Zahanati, SACCOS au shule inayouza hadidiski zenye majina, magonjwa na mikopo ya watu haitajitetea kwa kusema ilidhani imefuta. Kufomati kwa haraka hakufuti. Kunaondoa orodha tu, faili zinabaki. Hadidiski inayofanya kazi iandikwe juu yake mwanzo hadi mwisho kwa programu ya kufutia, SSD ifutwe kwa amri yake ya ndani, na hadidiski iliyokufa itobolewe kwa drili mpaka sahani zipasuke au zijikunje. Vaa miwani. Sahani za hadidiski za laptopu mara nyingi ni za kioo. Alminiamu ya ganda utaiuza vilevile.

Mali ya serikali na ya shule ya umma haiuzwi kwa hiari ya mtunza stoo. Ina utaratibu wake wa kuifuta kwenye vitabu na kuitoa, na anayenunua bila hati hiyo ananunua kesi.

Nani achague nini

Mwenye mashine chache zinazowaka: fundi au mnunuzi wa mtaani, bila kufungua chochote zaidi ya kushughulikia hadidiski. Mwenye chache zilizokufa: toa RAM na hadidiski, mengine peleka mzani, usipoteze Jumamosi. Mwenye ishirini hadi hamsini na kijana anayejua bisibisi: fungua, tenga, uza spea kwanza, kisha kila metali kwa mnunuzi wake, bodi zikae zikiwa kamili mpaka zifike gunia. Taasisi yenye taarifa za watu: kabidhi, hata kama mtu wa mzani anakupandishia bei mlangoni.

Unaweza pia kuchanganya. Mimi ningeuza spea kwa fundi, chuma na alminiamu kwa mzani wa karibu, na bodi, betri na monita za kichogo ningezikabidhi kwa mwenye kibali kwa mkupuo mmoja, maana akiona bodi nzuri ndani ya mzigo anakuwa mwepesi wa kuchukua na yale yasiyo na faida.

Ukifika kwa mnunuzi, uliza bei ya kila aina kabla gunia halijashuka, na uliza angalau wanunuzi watatu siku hiyohiyo. Simamia upimaji. Andika namba za mashine na uombe risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono, ili polisi wakiuliza ulikozitoa uwe na la kuonyesha. Na mzani wenyewe usiuamini kwa macho: chupa ya maji ya lita moja na nusu isiyofunguliwa ina kilo moja na nusu na gramu chache za plastiki. Iweke juu ya mzani kwanza, mwenyewe akiangalia.